KING'AMUZI KIMEGOMA? SOMA HAPA KABLA HUJAMWITA FUNDI (kwa wadau wa Katonga na mwambao wote)



Leo siongelei siasa. Naongelea ile kitu inayoharibu jioni za watu huku Katonga, Bangwe, Kibirizi mpaka Ujiji: TV iko sawa, umeme upo, halafu kioo kinakwambia No Signal. Au picha inakatika katika vipande kama vigae, sauti inaruka, mpira uko dakika ya 88. Kesho yake utasikia mtu anasema "king'amuzi kimekufa", kimetupwa kabatini, kimenunuliwa kingine. Na kingine nacho hakioneshi kitu. Pesa ya dagaa imeondoka mara mbili na tatizo liko pale pale juu ya paa.

Kiukweli ving'amuzi havifi kirahisi hivyo. Kinachokufa mara nyingi ni waya, konekta, mwelekeo wa dishi, betri, au malipo. Haya yote unaweza kuyapima mwenyewe bila kifaa cha bei mbaya. Nimeandika kwa mpangilio, hatua kwa hatua. Ukiwa cafe, print au nakili, ukampe mzee nyumbani.

KWANZA: DIGITALI HAINA CHENGA

Wadogo zangu ambao hamkuikuta analojia, zamani signali ikiwa dhaifu uliona chenga. Picha ina mvua mvua lakini unaona mtu, unasikia habari. Ikizidi kudhoofika chenga zinaongezeka taratibu. Yaani TV yenyewe ilikuwa inakupa taarifa kwamba hali inakuwa mbaya.

Digitali haifanyi hivyo. Picha inasafirishwa kama namba, na king'amuzi kina hesabu ndani yake za kusahihisha namba zilizopotea njiani. Zikipotea kidogo, kinasahihisha na wewe unaona picha safi kabisa. Zikizidi kiwango kinachoweza kusahihishwa, kinashindwa ghafla: vigae, kuganda, halafu giza. Katikati hakuna kitu. Ndiyo maana TV yako inaweza kuwa safi saa 12 jioni na kufa saa 1 usiku bila mtu kugusa chochote. Ilikuwa ukingoni siku zote, hukujua.

Hii ndiyo sababu watu wengi walilalamika wakati wa kuhama. Kwetu Tanzania mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, zikafuata Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya mwaka 2013, na mikoa mingine baadaye. Haikuwa amri ya Tanzania peke yake. Nchi zilikubaliana Geneva mwaka 2006 chini ya Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, na tarehe ya mwisho ilikuwa 17 Juni 2015. Jirani zetu Kenya walifika mpaka mahakamani, na Februari 2015 stesheni kubwa kule zilikaa gizani karibu wiki tatu. Kwa hiyo usione kama Katonga peke yake ndiyo ilionewa.

PILI: JUA UNACHO NINI

Utashangaa wangapi hawajui. Mtu anasema "nina king'amuzi", ukimuuliza cha antena au cha dishi, anakuangalia tu. Kuna njia tatu:

1. Antena (ya nje au ya ndani) inayopokea mawimbi kutoka kwenye mnara ulioko nchi kavu. Hapa waya unaingia king'amuzi cha antena. Kiwango kinaitwa DVB-T2.

2. Dishi linalopokea kutoka setilaiti. Hapa kuna ile kitu mbele ya dishi inaitwa LNB. Kiwango ni DVB-S2.

3. TV ya kisasa ambayo ina king'amuzi ndani yake. Unachomeka antena moja kwa moja na unapata chaneli ambazo hazijafungwa.

King'amuzi cha antena hakiwezi kutumia dishi, na cha dishi hakiwezi kutumia antena. Nimeona mtu kanunua cha bei poa mnadani, kumbe cha dishi, na nyumbani ana antena. Hapo hata uite mainjinia kumi.

Hiyo namba 3 nayo ina mtego. TV mitumba zinazotoka Japani zina mfumo wa ISDB-T, za Marekani zina ATSC. Hizo zinawaka vizuri kabisa lakini tuner yake ya ndani haitashika kitu hapa. Na TV iliyoandikwa DVB-T tupu bila 2 haisomi T2. TV ya hivyo si mbovu, inahitaji king'amuzi cha nje tu. Muulize muuzaji kabla hujatoa pesa.

TATU: ANGALIA MISTARI MIWILI KABLA YA KUGUSA KITU

Hapa ndipo penye siri yote, wadau. Kila king'amuzi, kiwe cha kampuni gani, kina sehemu kwenye menyu inayoonyesha mistari miwili. Mmoja umeandikwa Strength (nguvu), mwingine Quality (ubora). Ingia Menu, tafuta Installation, au Signal, au Manual Search. Vingine ukibonyeza kitufe cha Info mara mbili tatu vinakuonyesha.

Soma hivi:

- Nguvu sifuri, ubora sifuri: hakuna kitu kinachofika. Shuku waya uliokatika, konekta iliyochomoka, LNB iliyokufa.
- Nguvu ipo, ubora sifuri: mawimbi au kelele vinafika lakini siyo unachotafuta. Kwa dishi, limehama au linaangalia setilaiti nyingine. Kwa antena, umekosea masafa au unapokea mwangwi mwingi.
- Nguvu ipo, ubora unapanda na kushuka: uko ukingoni. Waya, konekta, upepo, mti, au vifaa vya umeme karibu.
- Vyote viko juu lakini chaneli hazifunguki: tatizo siyo signali. Ruka mpaka sehemu ya malipo huko chini.

Mstari wa muhimu ni ubora. Fundi akikwambia "ona bosi, nguvu 90" huku ubora uko 10, mwambie asubiri kwanza kulipwa.

NNE: WENYE ANTENA, MLIMA NDIO MGENI WENU

Katonga yetu iko pale chini, ziwa mbele na vilima nyuma. Mawimbi ya TV ya UHF yanapenda kwenda moja kwa moja. Yakikutana na kilima yanapinda kidogo tu juu ya ukingo, chini yake kunabaki kivuli. Nyumba iliyobanana na mlima iko kwenye kivuli kizito zaidi. Ndiyo maana unaweza kukuta wa karibu na mwalo anapata picha na wewe uliye juu kidogo lakini umegandamana na ukuta wa mlima hupati. Watu wanadhani aliye juu ndiye anapata siku zote. Siyo lazima. Kinachotakiwa ni kuwa mbali na mguu wa mlima au kuwa juu kiasi cha kuona upande wa pili.

Mambo ya kufanya:

Geuza antena iangalie nchi kavu, siyo ziwani. Inachekesha lakini ipo: antena inaangalia Congo kwa sababu "kule kweupe". Kweupe ndiyo, ila mnara unaoutafuta hauko kule. Angalia antena ya jirani ambaye picha yake iko safi, fuata mwelekeo wake. Angalia pia vijiti vyake vimelala au vimesimama, na wewe weka hivyo hivyo.

Antena iwe ya UHF. Mawimbi haya yana urefu wa kama sentimita 43 mpaka 64, na vijiti vinavyofaa ni nusu ya hapo, yaani sentimita 21 mpaka 32 hivi. Zile antena za zamani zenye vijiti virefu vya karibu mita moja zilitengenezwa kwa VHF ya enzi za analojia. Kama mzee bado anailinda kwa sababu "ilinunuliwa bei", mpe pole, iende ikaanikie nguo.

Sogeza kidogo kidogo. Maji ya ziwa yanarudisha mawimbi kama kioo, na mlima nao hivyo hivyo. Yale ya moja kwa moja na yale yaliyogonga yakikutana yanaweza kufutana. Kwa hiyo kuhama nusu mita kulia au kushoto, au kupandisha nguzo mita moja, kunaweza kukupa ubora ambao hukuupata kwa kugeuza tu. Mtu mmoja awe nje, mwingine asome mstari wa ubora kwa sauti. Ukisogeza, subiri sekunde tano kabla ya kusogeza tena, king'amuzi kinachelewa kuhesabu.

Usikimbilie busta. Busta inaongeza signali na kelele kwa pamoja. Kama hakuna ubora kwenye antena, busta haiwezi kuuzaa. Inasaidia pale tu signali ni nzuri juu ya paa lakini waya ni mrefu, na mahali pake ni juu karibu na antena, siyo nyuma ya TV.

TANO: WAYA NA KONEKTA

Kama ningelazimishwa kubashiri bila kuona nyumba, ningebashiri hapa. Waya sahihi ni ule wa mviringo wa 75 ohm, maarufu RG6. Hata ukiwa mzima, kila mita 15 hadi 20 unakula karibu nusu ya nguvu ya mawimbi ya antena, na kwa dishi unakula zaidi. Sasa wewe umeunga vipande vitatu kwa kusokota na selotepu, ukapitisha chini ya mlango unaokanyagwa. Unategemea nini?

Fungua konekta zote mbili. Angalia kama shaba ya katikati imekuwa nyeusi au ya kijani. Angalia kama kuna unywele hata mmoja wa ule wavu wa nje umegusa shaba ya katikati, hapo umefunga njia kabisa. Kata sentimita chache mpaka ukute shaba inayong'aa, funga upya. Juu kwenye antena au LNB, acha waya uning'inie kidogo kama kitanzi kabla haujaingia, maji ya mvua yadondokee hapo na yasitiririke ndani ya konekta.

Jaribio la bure: azima waya mfupi mzima kwa jirani, unganisha moja kwa moja. Picha ikirudi, umeshajua mchawi.

SITA: WENYE DISHI, NYIE MNAANGALIA ZIWANI

Hapa Katonga tumebarikiwa. Setilaiti inayobeba Azam iko nyuzi 7 mashariki, juu ya mstari wa ikweta. Sisi tuko karibu nyuzi 29.6 mashariki. Kwa hiyo kwetu iko upande wa magharibi, ikipanda kidogo kuelekea kaskazini, kama digrii 281 kwenye dira ya simu, na iko juu kama digrii 63 kutoka usawa wa maji. Yaani dishi linaangalia anga ya juu ya ziwa. Hakuna mlima, hakuna ghorofa. Ya DStv, nyuzi 36 mashariki, iko karibu utosini, digrii 80 hivi, upande wa kaskazini mashariki. Kilima cha nyuma hakiifikii.

Kwa hiyo kama nyumba yako iko kwenye kivuli cha mlima na umehangaika na antena miezi, jibu la pesa ni dishi, siyo king'amuzi cha tatu cha antena.

Mambo matatu yanayowachanganya watu:

Moja, dishi haliangalii pale linapoonekana kuangalia. Haya madishi yetu yamekatwa kwa namna ambayo LNB inakaa chini, na boriti yake iko juu ya uso wa dishi kwa digrii zaidi ya 20. Kwa hiyo dishi linalopokea kutoka digrii 63 utaliona limeinama kama linaangalia digrii 40. Usilinyanyue ukidhani limelala.

Mbili, digrii moja ni kitu kikubwa. Dishi la sentimita 90 lina boriti nyembamba, ukilihamisha digrii moja tu unapoteza karibu nusu ya nguvu. Kwenye nguzo yenye unene wa sentimita 5, digrii moja ni mzunguko wa chini ya nusu milimita! Sasa fikiria upepo wa kusi wa Juni na Julai, watoto wanaruka kamba wameifunga kwenye nguzo, mama kaanika khanga, mwingine katundika nyavu. Nguzo iwe na zege, nati zikazwe kwa spana siyo kwa vidole. Ukishapata ubora mzuri, chora alama kwa maka peni kwenye nguzo na kwenye kishikio. Siku likihama unalirudisha kwenye alama, huiti mtu.

Tatu, LNB lazima izungushwe. Mawimbi ya setilaiti yako ya aina mbili, ya kulala na ya kusimama. Kwa kuwa sisi tuko karibu na ikweta na tunaitazama setilaiti ya nyuzi 7 kwa ubavu, yanatufikia yakiwa yamegeuka karibu robo ya mzunguko. LNB ikiachwa wima kama ilivyotoka kwenye boksi, zile aina mbili zinabadilishana. King'amuzi kinaomba ya kulala kinapewa ya kusimama. Nguvu iko juu, ubora hakuna. Legeza skrubu, zungusha taratibu huku mtu anasoma ubora.

SABA: NUSU YA CHANELI ZIMEPOTEA

Hili swali naulizwa sana: "Baadhi ziko safi kabisa, baadhi hazipo, ni malipo?" Ikiwa ni dishi, sikiliza. King'amuzi kinaiamuru LNB kwa kupitia waya ule ule. Kikituma volti 13 inachukua mawimbi ya aina moja, kikituma 18 inachukua aina nyingine. Kama umeme unaoingia ni dhaifu au waya una kutu, zile 18 hazifiki. Zinafika labda 15. LNB inabaki upande mmoja, na chaneli zote za upande wa pili zinapotea kwa pamoja.

Huku kwetu hili linaendana na sola. Miaka mingi Kigoma tuliishi na majenereta ya dizeli ya TANESCO, nje ya Gridi ya Taifa, na watu walizoea betri na paneli. Betri ikishuka, TV inaweza kuwaka vizuri tu lakini king'amuzi kinashindwa kutoa zile volti. Utaona chaneli nusu zinaondoka kila siku mida ile ile ya usiku, asubuhi jua likichomoza zinarudi zenyewe. Watu wanasema mashetani. Ni betri.

Jaribio: peleka king'amuzi na adapta yake kwenye nyumba yenye umeme wa kawaida na dishi la kampuni hiyo hiyo. Zikirudi zote, king'amuzi ni kizima. Shida yako ni betri, waya mwembamba wa kutoka kwenye betri, au LNB.

Na wenye betri za taa za dagaa, naomba mnisikie: betri iliyokesha ziwani ikamulika usiku kucha haiwezi kurudi kuangalia mpira kabla ya kuchajiwa. Nyingine, taa za LED za bei rahisi na inveta za bei rahisi zinatoa kelele zinazoingia kwenye antena. Zima zote kwa dakika moja uangalie mstari wa ubora. Ukipanda, sogeza waya wa antena mbali na hizo taa.

NANE: MVUA NA JUA

Mvua kubwa inameza mawimbi ya setilaiti. Masafa hayo ni ya juu, matone yanayanywa. Dakika kumi au ishirini wingu zito likiwa juu ya ziwa, picha inaondoka, likipita inarudi. Hilo siyo tatizo la kutengeneza, ingawa dishi lililolengwa vizuri linavumilia zaidi. Usipande juu ya paa wakati huo! Ukanda huu wetu na mashariki ya Congo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Wingu likianza kunguruma, chomoa waya wa umeme na waya wa dishi pia. Kuzima kwa rimoti hakusaidii kitu.

La jua wengi hawalijui. Mara mbili kwa mwaka jua linapita nyuma kabisa ya setilaiti, na kwa sababu jua nalo linatoa mawimbi, linaifunika. Kwa wenye Azam hapa Kigoma, ni siku chache kuzunguka tarehe 22 Machi, kama saa 9 kasoro dakika 5 mchana, na siku chache kuzunguka tarehe 21 Septemba, kama saa 8 na dakika 40 mchana. Picha inakatika dakika kadhaa na kurudi. Usiguse chochote.

Halafu hapo hapo kuna ujanja. Siku hizo, saa hiyo, jua liko pale pale ilipo setilaiti. Nenda ukaangalie dishi lako. Kama liko kwenye kivuli cha mwembe au mchikichi, basi huo ndio unaokuzibia mwaka mzima. Kata tawi au hamisha nguzo. Hakuna kipimo kizuri kama hicho na hakilipiwi.

TISA: KUTAFUTA CHANELI UPYA

Watu wakiona giza wanakimbilia Factory Reset. ACHENI. Ukifuta orodha wakati signali haipo, king'amuzi kinatafuta, kinakuta sifuri, kinahifadhi sifuri. Sasa una matatizo mawili. Sheria ni hii: kwanza ubora uonekane, ndipo utafute.

Kama ubora upo na chaneli moja au mbili tu hazipo, huenda zimehamishiwa masafa mengine. Hapo fanya Auto Search. Kwenye TV yenye tuner ya ndani hakikisha umechagua Antenna au Air, siyo Cable, na DTV, siyo ATV. Na kabla ya yote hayo, angalia TV iko kwenye HDMI au AV sahihi. Kuna mtoto kabonyeza Source, nyumba nzima imelala bila taarifa ya habari.

KUMI: SIYO KILA GIZA NI SIGNALI

Kama mistari yote miwili iko juu na kioo kina maandishi au namba, soma namba. Kwa DStv, E48-32 maana yake hakuna signali, lakini E16 inahusu kadi au malipo. Tofauti yake ni kubwa: ya kwanza panda paa, ya pili shika simu. Ukilipia, acha king'amuzi kikiwa kimewaka kwenye chaneli mojawapo. Idhini inatumwa kupitia setilaiti au mnara ule ule, kikizimwa hakiipokei.

Kuna mengine yanaamuliwa ofisini. Agosti 2018 chaneli za ndani za bure ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya setilaiti vya kulipia kwa sababu ya masharti ya leseni za TCRA. Siku hizo watu walipanda mapaa, wakazungusha madishi mazima yaliyokuwa sawa, wakayaharibu. Chaneli ya kampuni moja ikiondoka kwa mji mzima siku moja, waulize majirani kwanza, usishike spana.

Na ukiona umelipa, signali ipo, na kampuni inakuzungusha, kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, TCRA-CCC. Lipo kwa ajili yetu. Weka risiti na namba ya kadi.

UKIMWITA FUNDI

Mafundi wazuri tunao, wala sina ugomvi nao. Ila fundi mmoja alimwambia mama mmoja jirani yangu kwamba LNB, waya na king'amuzi vyote vimeungua kwa mpigo. Tulipofungua konekta ya juu, ilikuwa imejaa maji. Tulikata sentimita tatu, tukafunga upya, taarifa ya habari ikaendelea. Yule mama alikuwa ameshaanza kutafuta mkopo wa kikundi.

Kwa hiyo akija, mwombe vitu vitatu. Akuonyeshe mstari wa ubora kabla hajagusa. Akuonyeshe tena baada ya kumaliza. Na kila kifaa anachosema kimekufa, akijaribu hicho hicho kwenye nyumba nyingine mbele yako. Fundi wa kweli hawezi kukasirika kwa hayo. Akikasirika, umeshapata jibu.

Naomba kuwasilisha, wadau. Mwenye swali aandike hapo chini, ila ataje: ni antena au dishi, nguvu ngapi, ubora ngapi, anatumia umeme gani, na yuko sehemu gani ya mwambao. Ukiandika tu "TV yangu haioneshi", nitakuuliza hayo hayo. Na walioko Kalya, Buhingu na vijiji vingine vya kusini, mkipima tupieni hapa, tujue mlima unawatendaje huko.